Mbavu Kwenye Keria ya Baiskeli

Jumamosi, Julai. Baridi ya kuuma vidole, na mlima umejifunika tangu juzi.

Nimerudi sasa hivi kutoka tambarare. Suruali ina matope hadi magotini na sufuria iko jikoni. Naandika wakati bado nina hasira; nikingoja hadi kesho nitaandika kwa upole, na upole huo utakuwa uongo.

Mnaosoma hapa mnazijua Jumamosi zangu. Natoka Rau asubuhi na chupa ya chai, nakatiza Mabogini, kisha nashika tuta la mfereji unaochukua maji ya mto kuyapeleka kwenye mashamba ya mpunga. Tuta ni jembamba, gari haliwezi kupita, na bodaboda hawalipendi kwa sababu ya utelezi. Ni mimi, yangeyange, na wanawake wanaopalilia. Nchi imenyooka mpaka macho yanachoka. Mzee wa umri wangu anafika Chekereni bila kushuka kwenye baiskeli, na kwa muda huo goti langu linaacha kunikumbusha kwamba lipo.

Masama, kule mlimani nilikozaliwa, baiskeli ni mzigo. Unaisukuma kupanda, unaizuia kushuka. Na tambarare tulifundishwa kuidharau: nchi ya joto na homa, ya watu waliokosa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa.

Mimi ndiye niliyekosa.

Baba alikuwa na wana watatu. Wa kwanza alikatiwa kihamba chake. Wa mwisho, Anaeli, alirithi nyumba ya baba na shamba lililoizunguka. Ndivyo desturi yetu ilivyo. Wa katikati hupewa baraka. Zangu nilizipeleka Ndola, nchi ya jirani, nikawa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, nikirekebisha makosa ya watu wengine hadi nilipostaafu.

Niliporudi mwaka jana sikuomba shamba. Niliomba nionyeshwe mahali pa kuzikwa, karibu na mama, kwenye migomba ya chini. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akasema mtu ambaye hajala fungu lake nyumbani miaka yote hiyo hana neno kikaoni. Kwetu mbuzi akichinjwa nyama haigawiwi ovyo. Kila mtoto wa nyumba ana fungu lake. Langu ni mbavu. Krismasi ikafika, Anaeli akachinja. Mimi nikaketishwa sebuleni, nikaletewa pilau, soda, na uma.

Uma.

Wageni ndio wanaopewa uma.

Leo asubuhi nilimkuta Anaeli Mabogini, ameketi kwenye banda la fundi baiskeli na kifurushi cha majani ya mgomba mapajani. Kaka yetu mkubwa alishatangulia mbele ya haki. Tumebaki sisi wawili. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, kaka. Nimekuletea mbavu zako."

"Marahaba. Huyo mbuzi alikuwa mgonjwa?"

Akacheka bila kunitazama, akasema ana jambo la kuzungumza. Nikamwambia Jumamosi mimi huzungumza nikiwa juu ya baiskeli. Fundi akamwazima moja. Nakiri nilifanya kusudi. Nilitaka, kwa mara moja tu, tuzungumze mahali ambapo mimi ndiye mwenyeji.

Alikuwa akiyumba kama ndama aliyezaliwa jana. Nilifunga kifurushi kwenye keria yangu, nikaenda taratibu mbele yake. Wanawake waliokuwa kwenye mpunga waliacha palizi kutuangalia.

"Babu, kanyaga! Usiangalie tairi, angalia mbele!"

"Mwache, huyo katoka mlimani. Anachojua ni breki tu!"

Kicheko kikatufuata kwenye tuta. Nami nilicheka. Kwa dakika chache tulikuwa wavulana, na ningependa shajara ya leo iishie hapo.

Kisha akaanza kusema, nyuma yangu, akihema. Kuna mtu anataka kununua migomba ya chini ajenge nyumba ya wageni wanaokuja kupanda mlima. Kesho baada ya ibada kuna kikao cha ukoo. Baba mdogo hatasikia habari za kuuza mpaka watoto wote wa baba wakubali.

"Na makaburi?"

"Tutayahamisha vizuri, kaka. Mchungaji atakuwepo."

Hapo ndipo nilipozielewa mbavu. Bila kula fungu langu, ndiyo yangu isingehesabiwa. Nilikuwa nimezisubiri tangu nikiwa kijana, na zimeletwa siku ambayo kuna kitu cha kuidhinisha.

Nilifunga breki. Anaeli, ambaye eti anajua breki tu, hakuikumbuka yake. Alinikwepa akatumbukia kwenye mpunga, baiskeli na yeye. Niliingia nikamshika kwapani. Hakuumia, ila hakutaka kuinuka. Alikaa kwenye tope akafoka kama ambavyo sijawahi kumsikia.

"Wewe ulikwenda! Mimi nilibaki na ng'ombe, na baba kitandani, na mama baada yake. Kahawa ikafa mikononi mwangu. Watoto wangu wapo Dar, hakuna anayetaka hata kuipalilia hiyo migomba. Unajua mimi nimewahi kufika wapi? Moshi mjini, kaka. Moshi mjini!"

Miaka yote nilidhani desturi ilimpendelea yeye. Kumbe ilimfunga kwenye migomba ileile ilikonifukuza mimi.

Lakini kuna mama pale chini.

Nilimwinua, nikamnawisha miguu kwenye mfereji kama nilivyokuwa nikimnawisha alipokuwa mdogo. Akauliza kama nitakuja kesho. Nikasema nitakuja. Akauliza kama nimezipokea mbavu. Nikasema nimezipokea, asante. Aliielewa asante ile alivyotaka kuielewa, na mimi nikamwacha. Alirudi Mabogini akiisukuma baiskeli ya watu, akainua mkono mara moja bila kugeuka.

Nimeacha kuandika, nimekwenda kula. Nimekula kwa mikono, nimesimama jikoni, mpaka mfupa wa mwisho. Zilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo sasa nina neno. Anaeli mwenyewe amelibeba kutoka Masama, akidhani ni la ndiyo peke yake. Kesho nitapanda kwa gari, maana huko baiskeli haina kazi, na nitasimama mbele ya ukoo niseme hapana.

Mama atabaki alipo. Mimi sijui. Anaeli ni mdogo kwangu na ana afya. Siku yangu ikifika, yeye ndiye atakayeulizwa nizikwe wapi, na atakuwa na kesho hii moyoni. Pengine atanipeleka makaburi ya manispaa, na hakuna atakayemlaumu.

Nitasema hapana hata hivyo.