Kula na Kura

Kitale, Alhamisi, 1988. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mtaa mzima unaifurahia kwa sababu ya mahindi. Mimi leo sifurahii chochote. Nimerudi kutoka Bungoma nikiwa nimelowa chapachapa, nimekaa jikoni na viatu vya matope, na chai imepoa mbele yangu.

Wafula bado yuko ndani, kwa polisi.

Wacha niandike kabla hasira haijanichanganya. Mchezo wa kuigiza ni wangu, mimi ndiye niliyeuandika. Nyanya yangu alikuwa akinisimulia habari za mateka waliopitishwa chini ya Mlima Elgon, wamefungwa shingo kwa shingo, wakipelekwa pwani kuuzwa. Siku moja wakagoma kula. Mtumwa aliyekonda hana bei, kwa hivyo wenye msafara wakaja kuwalisha kwa nguvu, na walipokaribia, mateka wakawarukia. Nyanya alisema karibu wote waliuawa. Mimi kwenye mchezo niliwaacha washinde. Nani atalipa kiingilio aone watu wakichinjwa? Na kusema kweli, nilitaka sana kuwaona wakishinda, hata kama ni kwa uongo wangu.

Kiongozi wa mateka ni Wafula, seremala hapa mjini, kwao Myanga, tunaimba naye kwaya. Sauti yake inajaza kanisa bila kipaza sauti. Kasoro yake ni ile ya watu wetu wengi wa Bungoma: l na r hazitofautishi. Akitaka kulala, yeye anarara. Mazoezini tulimcheka, naye akacheka, tukaendelea. Tulipocheza hapa Kitale hakuna aliyejali.

Jumamosi tukacheza Bungoma. Wafula akasimama mbele ya mlolongo wa wenzake waliofungwa kamba, akainua mikono, akanguruma:

"Hatutaki kura!"

Watu wakasimama, wakapiga makofi, wengine wakagonga viti. Si juzi tu kwenye uchaguzi tulipangwa mstari nyuma ya wagombea kama watoto wa shule, na mstari mfupi ukatangazwa kwamba umeshinda? Kila mtu mle ndani alikuwa na mstari wake wa kukumbuka. Wafula, maskini, alidhani wanashangilia uigizaji wake. Akarudia kwa nguvu zaidi.

Polisi walimchukua hata kamba hajaivua.

Mswada waliusoma, wakaona umeandikwa kula, kwa hivyo mimi wakaniacha. Yeye ndiye aliyebadilisha neno, wakasema. Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kituoni kueleza habari ya ulimi wa kwao, nikieleza na kueleza, na hakuna wa kunisikia. Jana inspekta akachoka na mimi. Akasema leo atamsikiliza Wafula mwenyewe, kwa masikio yake.

Sikulala kwa furaha.

Leo wakaniruhusu kukaa naye kidogo kabla inspekta hajafika. Uso umevimba upande mmoja na jino moja halipo. Alikuwa anatetemeka, mtu mzima yule, fundi wa kubeba mbao. Nikamwambia tusipoteze wakati. Nikamwonyesha ulimi unavyopanda nyuma ya meno, vile huwa nawafundisha watoto wangu darasani. Kula. Kula. Akakosea, akakosea tena, jasho likimtoka, na mimi nikamkazania kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na sijui kumwachia mtu makosa. Mwishowe akalipata. Nilikaribia kumkumbatia.

Inspekta akaingia, akamwambia aseme lile neno.

"Kula," akasema Wafula.

Safi kabisa. Akanigeukia akitabasamu na lile pengo lake.

Inspekta hakutabasamu. Aliniangalia mimi.

"Kumbe anaweza. Sasa mwalimu, huo ulimi wa kwao uko wapi?"

Nikaanza kueleza kwamba nimemfundisha sasa hivi, hapa hapa, hata askari wa mlangoni ameona. Askari akaangalia dirishani. Nikasema afande, tafadhali, mpe maneno mengine, mwambie aseme kulala, utasikia. Inspekta alikuwa ameshageuka. Jambo hili si la hapa tena, akasema, wakubwa wa Nairobi watakuja kumchukua.

Mungu wangu! Kama ningenyamaza tu. Kama ningemwacha afungue mdomo wake vile alivyozaliwa nao, angesema kura, na pengine sasa hivi angekuwa njiani kwenda nyumbani.

Wafula alikuwa bado hajaelewa. Walipomwinua, aliniuliza kwa upole tu.

"Mwalimu, si nimesema vizuri?"

Nikamwambia amesema vizuri sana.

Kesho nikiamka naenda Myanga kwa mke wake. Nimejaribu kupanga maneno tangu nikiwa njiani na hayapangiki. Najua ataniuliza mumewe amekosa nini, na nikishamjibu ataniuliza mimi nilifanya nini kumtoa.

Nitamwambia nini huyu mama?