Usiliendeshe Gari la Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo wa shemeji umepata nafuu, na wapwa zangu wawili hawajambo na bado wanagombania kiti cha mbele. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Wifi yako anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyenikalisha kitini na kunitia kalamu mkononi, na sibishi, maana nimeizunguka meza hii tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Najua umenuna. Jana nilikutumia ujumbe mfupi, usiliendeshe gari la baba, kisha nikanyamaza. Ukapiga simu mara saba, sikupokea. Ukaandika kuuliza gari lina nini, mbona mimi mwenyewe wiki tatu zilizopita nililikagua nikasema ni zima kama chuma, na watoto utawapelekaje shule. Mwisho ukaniuliza kama nimechanganyikiwa. Naam, dada, nimechanganyikiwa, tena si kidogo. Niache nieleze kwa mpangilio wangu, ingawa mpangilio wenyewe sinao. Ila neno la jana lishike: gari likae hapo lilipo, na watoto waende kwa miguu.

Nianze na santuri. Unakumbuka baba alivyotugawia, wewe gari, mimi santuri zake za jazi na ile gramafoni yenye mfuniko wa mbao. Watu walisema nimepunjwa. Walijua nini! Jumamosi alasiri baba alikuwa akinikalisha sakafuni, anaweka santuri, ananikataza kumfuata mpiga tarumbeta, kwa sababu huyo kila mtu anamsikia. Alinitaka nimtafute aliye nyuma. Kwanza nilimpata wa piano, mchokozi, anayedakia maneno ya wenzake. Kisha wa besi, anayetembea taratibu kama mtu ambaye hangojewi popote. Mwisho kabisa nikampata wa matoazi, zile sahani za shaba anazozigusa kwa fimbo, laini, manyunyu juu ya bati. Baba alisema ukishampata huyo umewapata wote. Nilikuwa na miaka tisa, na siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko wewe.

Ufundi wangu wote umetoka pale sakafuni. Injini nayo ni bendi. Wenzangu hufungua mashine nzima kutafuta ugonjwa, mimi nilikuwa naegemea boneti, nafumba macho, namtafuta aliye nyuma. Ndiyo maana watu huniletea magari ya zamani kutoka mbali, wakiambiana kwamba fundi yule ana sikio. Na kichwa kikavimba. Kuna fundi mwenye gereji ng'ambo ya barabara, tunamwita Nyundo kwa sababu kila ugonjwa huanza kuutibu kwa nyundo. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba Nyundo masikio yake ni ya kuzuia kofia isimwangukie machoni. Walicheka, nami nikacheka.

Gari la baba unajua mwenyewe lilivyonitoa jasho. Miaka miwili na nusu! Watu wanaliona linang'aa kwenye taa za barabarani, wanakusogelea dirishani kukuambia babu yao alikuwa nalo, wanataka kupiga nalo picha. Hawajui kwamba mpira wa kioo cha mbele niliusaka miezi sita, kwamba mlango mmoja wa nyuma ni wa gari jingine kabisa, kwamba chini ya zulia kutu ilikuwa imeila sakafu hadi ukikaa kwenye usukani unaona kokoto za uani. Spea ikikosekana unaichongesha, ikichongwa haikai, na ikikaa, ya jirani yake inaona wivu na kukatika. Hata wewe umeshazoea kutembea na dumu la maji na jiwe la kuzuia tairi. Lakini siku niliyokukabidhi funguo, ukaliwasha likaitika mara moja, nilitokwa na machozi nikasingizia moshi.

Sasa mkorogo wenyewe. Miezi minne iliyopita, Jumamosi moja, niliweka santuri niliyoizoea kuliko zote. Tarumbeta ikaja, piano ikaja, besi ikaja, wa matoazi hakuja. Nikasema sindano imekwisha. Nikanunua mpya. Hakuja. Nikaosha santuri kwa maji ya sabuni nikaianika kama sahani. Nikaifungua gramafoni, nikaunga nyaya upya, nikabadilisha spika. Nikajaribu santuri nyingine, kumi, ishirini, na kote mtu yule hayupo, utadhani amegoma. Nikaamini kwamba santuri za baba zimechakaa, na nilihuzunika sana, dada, nikaona namzika mara ya pili.

Na si santuri tu. Wifi yako alianza kunong'ona. Mimi nasema alianza kunong'ona, yeye anasema nilianza kupiga kelele. Nikiingia jikoni namkuta na jirani midomo inachezacheza, maneno siyapati, nikajua natetwa. Siku moja nilimwambia mbele ya huyo jirani kwamba kama wana siri zao wakazisemee nje ya nyumba yangu. Alinitazama kwa muda mrefu, wala hakujibu, au labda alijibu. Simu nayo nikaona imeharibika, kila anayepiga anaongea kama ana ugali mdomoni. Ndiyo maana nimekuwa sipokei simu zako, si kwamba nimekuchoka.

Kisha akaja mwalimu mmoja na gari lake kuukuu, akilalamika kwamba mkanda wa feni unapiga kelele asubuhi hadi majirani wanaamka. Niliegemea boneti, nikafumba macho. Kimya. Nikamwambia gari ni zima, ila magari ya umri huu hupenda kubembelezwa. Akavuka barabara kwa Nyundo, akawekewa mkanda mpya, akapita mbele ya gereji yangu akinipungia mkono. Nikasema kaibiwa huyo, mchana kweupe.

Juzi nikachukua santuri tatu nikazipeleka kwa mzee anayeuza santuri kuukuu, yule ambaye baba alikuwa mteja wake. Nilikwenda kumshtaki, maana nyingi zilitoka kwake. Aliikagua moja kwenye mwanga, akasema haina hata mkwaruzo. Nikamwuliza basi matoazi yamekwenda wapi. Akashangaa. Akaiweka, akategemeza kiwiko kwenye kaunta, akawa anasikiliza huku ukucha wa kidole chake ukigonga mbao polepole.

Nikautazama ule ukucha, dada. Haukumfuata wa piano. Haukumfuata wa besi. Ulikuwa unagonga katikati ya sauti, pale ambapo mimi naona patupu, kwa mpigo ule ule, bila kukosea hata mara moja. Nikamshika kidole. Nikamwuliza anamfuata nani. Akaniambia, kwa upole, kama anayemwambia mtoto, kwamba anayafuata matoazi, kwani siyasikii? Niliinama hadi shavu likagusa spika, upande huu, kisha upande huu. Sikusikia. Yule mzee akaizima gramafoni, akaniletea kiti.

Jana asubuhi nikaenda hospitali. Waliniweka kwenye chumba kidogo, nikavishwa vidude masikioni, nikapewa kitufe nibonyeze kila nikisikia sauti. Kupitia kioo nilimwona mama mtaalamu akizungusha vifundo vyake, anazungusha, anazungusha, na kidole changu kimelala tu juu ya kitufe. Alisema sauti nyembamba zimenitoka masikio yote mawili. Sikio la kushoto limekwenda zaidi, hata maneno linayakosa. La kulia bado linashika maneno mtu akisema taratibu. Huenda ni miaka ya injini na mashine ya kusagia vyuma, huenda ni umri, hajui. Wala hajui kama itaishia hapo au itaendelea. Nilimwuliza kama zitarudi, akatikisa kichwa, na hilo halikuhitaji masikio. Nilipotoka nje nikasimama penye ngazi, ndipo nikakutumia ule ujumbe.

Sasa nafika kwenye lenyewe. Wifi yako amesema nisilizunguke.

Wiki tatu zilizopita uliniletea gari ukisema gurudumu la mbele la kulia linalia kama kifaranga ukikata kona. Tulipanda sote, wapwa zangu wakakaa nyuma. Kona ya kwanza ukasema, hilo hapo. Binti yako akauigiza ule mlio, kaka yake akacheka akauigiza na yeye. Watu watatu mliusikia, mimi sikusikia hata chembe. Nikakwambia naam, nimeusikia, ni jambo dogo. Tuliporudi gereji nikapiga jeki, nikatoa kifuniko cha gurudumu, nikagongagonga kwa spana, nikapaka grisi kwa nje mahali ambapo haina kazi yoyote, nikarudisha, nikafuta mikono. Nikasema kwisha. Sikufungua kitu, dada. Sikujua nifungue nini, na niliona haya kuuliza. Ukanishukuru, ukasema mikono yangu ni ya baba mtupu, ukawapakia watoto ukaondoka. Kesho yake ukaniandikia kwamba bado linalia kidogo, nikakujibu gari la zamani halikosi la kusema, lizoee.

Nilikudanganya. Ugonjwa sikuujua jina lake, lakini siku ile nilijua kwamba ninyi mmesikia na mimi sikusikia. Hilo nililijua kabisa. Nikachagua kuonekana fundi. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha hadi nikakutia wewe na watoto barabarani wiki tatu nzima. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba gurudumu, ikikauka hulia, kisha husaga, kisha gurudumu hukwama au huchomoka gari likiwa mbioni. Hakuna mtu anayelijua hilo kuliko mimi. Huenda ni beringi. Huenda ni kijiwe tu kimenasa mahali. Hapo ndipo akili yangu inapogota: sijui, na sina tena njia ya kujua. Gari nililolijenga kwa mikono yangu linasema kitu, watoto wadogo wanakisikia, mimi nimesimama kando yake kama mgeni asiyejua lugha. Nimetubu kwa Mungu, lakini niliyemkosea ni wewe.

Aliyekuletea barua hii, huyo aliyesimama mlangoni kwako na sanduku la vyuma, ndiye Nyundo. Asubuhi hii nilivuka barabara. Ni hatua ishirini tu, na sikuwahi kuzipiga kwa miaka kumi na moja. Nilimweleza yote, na la kofia pia nilimweleza. Nilitegemea acheke hadi majirani waje. Aliniuliza tu ni gurudumu gani, kisha akaanza kupanga vifaa vyake. Sasa hivi yupo nje ananingoja nimalize kuandika, wifi yako kampa chai. Mpe funguo. Hataliingiza barabarani, atalipiga jeki papo hapo uani, alizungushe gurudumu kwa mkono, asikilize. Akikwambia zima, amini. Akikwambia bovu, amini pia, na aniletee hiyo beringi niishike. Nimemwomba ukweli wote akwambie wewe kwanza.

Gereji nimeifunga kwa sasa. Baadaye itakuwaje, sijui, usiniulize, hata wifi yako nimemwomba asiniulize. Nimemwomba radhi pia kwa ile siku ya jikoni. Kumbe walikuwa wanazungumza habari za bei ya vitunguu.

Msalimie shemeji, mwambie asiinue vitu vizito. Wapwa zangu waambie kwamba mjomba wao hakuusikia ule mlio, na kwamba wao walikuwa sahihi tangu mwanzo. Wasikubali mtu mzima awaambie hawajasikia walichosikia.

Na wewe, najua una hasira, na haki unayo. Usinipigie simu. Njoo. Ukifika kaa upande wangu wa kulia, karibu, unigombeze polepole nisikose hata neno moja.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.