Uliyemwosha Tata Bila Kumwona

Wifi yangu Bupe,

Nimekalia kigoda chako, jikoni kwako, na mvua ya hapa Ikuti haijakatika tangu juzi. Usinicheke. Najua huko uliko hakuna posta. Lakini kuna jambo nililokuficha, ukafa kabla sijakuambia, na sasa nakuandikia nilitoe.

Nianze na habari za nyumbani. Matanga yalikwisha salama. Kaka amerudi kiwandani kwenye chai, amekuwa mkimya mpaka wenzake wa kazini wameniuliza kama mume wako ni mzima. Watoto ninao mimi. Yule mdogo hanywi maziwa mpaka niyamimine kwenye kikombe chako cha bati. Shamba la ujamaa limepanuliwa, na balozi wa nyumba kumi bado anatusomea majina asubuhi kabla ya kazi. Juzi akasoma na jina lako, kwa mazoea tu. Akavua kofia, kisha akaendelea na jina linalofuata.

Na Tata, baba yetu, yupo. Hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Ulipoolewa kwetu ulifuata mila kama wake wote wa Kinyakyusa: baba mkwe humtazami, jina lake hulitamki, mkikutana njiani unaingia migombani mpaka apite. Hata naye akisikia sauti yako alikuwa anageuza njia. Nakumbuka siku ulipojificha na ndoo ya maji kichwani, naye akasimama palepale kuzungumza na jirani habari za ng'ombe. Ulirudi shingo imepinda, ukasema, "Wifi, baba yako angekuwa na ng'ombe wengi zaidi, leo ningezikwa." Tulicheka mpaka maji yakamwagika.

Kisha Tata akaugua ukoma, akakaa miaka kambini kwa wagonjwa wenzake. Aliporudi walikuwa wamemwambia amepona, na kweli alikuwa amepona, lakini miguu ilikuwa haina hisia tena. Alikanyaga kaa la moto asijue. Vidonda vikaja, na harufu ikaja navyo. Watu walimjengea kibanda chake kule chini mwisho wa migomba, wakasema ni kwa heshima yake. Ilikuwa ni kwa ajili ya pua zao. Na mimi nilikuwa mmoja wao, mtoto wake wa kumzaa. Nilikuwa naacha chakula kwenye jani la mgomba, nakohoa, naondoka.

Wewe ndiye uliyesema mtu haoshwi na chakula.

Mchungaji alikuambia mila isikuzuie, ingia tu umhudumie. Wazee wakanuna, wakasema mkwe kuingia nyumba ile ni mwiko. Mimi nilidhani utachagua upande mmoja. Ukaniambia, "Mchungaji amenipa ruhusa mimi. Tata mwenyewe hajaniruhusu. Nikimtazama atakufa kwa aibu kabla ya vidonda." Siku tatu ulikaa nje ya kibanda, umekipa mgongo, na beseni la maji ya chumvi yanapoa pembeni yako. Unayapasha, yanapoa tena. Tata akafoka uondoke. Siku ya tatu akaniita, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie aingie."

Ukajifunga kanga machoni. Naye akajifunika blanketi kichwani, akageukia ukutani. Ukaingia kwa magoti, ukiupapasa udongo, mpaka ukaupata mguu wake.

Wifi, nimekaa kanisani tangu utoto. Nimesikia mahubiri mengi na kulala katika baadhi yake. Sijawahi kuogopa mbele za Mungu kama siku ile. Watu wawili wamejifunika macho, na mimi mlangoni nimeyafumbua, nikitamani kuyafumba.

Kazi yangu ilikuwa kukuelekeza. Kushoto kidogo. Juu ya kidole. Hapo, hapo. Kila Jumatatu na Ijumaa, na vile vipande vya kitambaa alivyokuwekea fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, yule Mwislamu aliyetoka pwani. Mpaka leo ananiwekea. Jina lako hakulijua, alikuwa anakuita mama wa vitambaa. Nilipompa habari alikizuia cherehani kwa mkono, akakuombea palepale.

Sasa nisikilize. Ile Ijumaa ya mwanzo wa masika, chini ya kisigino cha kushoto palikuwa na kidonda kipya, na ndani yake kulikuwa na funza. Niliwaona wakitembea. Nilijua nikikuambia utawatoa mmoja mmoja, nami nitasimama pale nikikuonyesha kila mmoja. Nikasema, "Pamekwisha, wifi." Nilidanganya. Nilimwacha baba yangu aliwe kwa sababu ya kinyaa changu.

Ulishaanza kukamua kitambaa. Kisha mkono wako ukarudi wenyewe, ukapita juu ya kisigino, ukasimama.

Ukasema, "Wifi, macho yako yamechoka. Kapumzike nje kidogo."

Basi. Nilikaa chini ya mgomba nikilia, na wewe ndani ukawatoa kwa vidole, gizani kwako. Jumapili akina mama wa kanisa walipotupongeza sote wawili, nilisimama nikapokea sifa, na wewe ukanishika mkono. Nadhani ulijua. Naona sasa kwamba siku ile ulimfunga vidonda Tata, na mimi ukanifunika aibu yangu kama ulivyomfunika yeye yake. Sikujua binadamu anaweza kuwa hivyo. Bado nashangaa. Nikiwasha jiko nashangaa, nikipalilia nashangaa.

Homa ilikuchukua kwa siku nne. Tulikubeba kwa machela mpaka hospitali ya Makandana, ukaturudia umefunikwa. Siku ya kukuzika Tata hakusogea kaburini. Alikaa nyuma ya migomba, blanketi kichwani, kwa sababu hata maiti ya mkwe haitazamwi.

Jumatatu ilipofika nikapasha maji. Nikafika kibandani nikasimama mlangoni, beseni mkononi, nikingoja aingie mtu nimwelekeze. Nilisimama hivyo mpaka Tata akauliza, "Nani yuko hapo?" Nikasema ni mimi. Nikaingia. Nilifumba macho, maana woga wangu uko palepale, lakini bila mtu wa kunielekeza sikujua hata mguu uko wapi. Nikayafumbua. Kumbe ni miguu tu, wifi. Ni miguu ya baba yangu iliyonibebea kuni.

Ijumaa iliyofuata kaka alileta ile picha mliyopiga mjini Tukuyu, wewe umevaa gauni ulilovaa kwenye harusi kule Rungwe. Akampa Tata, akamwambia, "Sasa unaweza kumwona, hayupo tena." Tata aliipokea kwa viganja viwili, maana vidole vya kushikia hana, akaigeuza uso chini juu ya goti lake bila kuitazama.

Akasema, "Yeye hakunitazama. Nami simtazami." Kisha akanigeukia, machozi yamejaa. "Wewe niambie. Alikuwaje?"

Nikamwambia, huku namwosha. Nikaanza na paji la uso, na kovu dogo juu ya nyusi. Pengo la mbele ambalo ulilificha kwa ulimi ukicheka. Masikio madogo. Shingo ndefu, iliyopindishwa na ndoo. Hapo akacheka, wifi, akasema siku ile alijua kabisa uko migombani, ila jirani hakutaka kumaliza habari. Kila nilipotaka kunyamaza aliniambia, "Endelea." Niliendelea mpaka maji yakapoa.

Kwaheri, wifi yangu. Lala kwa Bwana, umefanya kazi ya kutosha. Watoto wako watajua wewe ni nani, nitawaambia na habari ya funza, na ya uongo wangu pia. Ijumaa hii nakwenda tena kwa Tata. Kisigino cha kushoto hakijafunga. Nakuahidi sitasema pamekwisha wakati bado.

Wifi yako,
Subilaga