Mke Wangu Alitufunga Sisi, Halafu Akafungwa na Watoto

Mshauri Mama Josefina,

Shikamoo. Naomba unipokee na shida yangu maana nikiendelea kukaa nayo peke yangu nitaharibikiwa. Naitwa Yotham, ukitaka andika hivyohivyo, akina Yotham tuko wengi hapa Mpanda, majina ya wengine nimeyabadilisha. Nina miaka arobaini na moja, nauza spea za pikipiki pale Kashaulili, nina mke na watoto wawili, mkubwa ni Heri, na mke wangu, nimwite Joséline, anacheza mpira wa miguu, na simaanishi wa kubahatisha, anacheza kiungo kwenye timu ambayo hapa Katavi hakuna timu nyingine ya wanawake inayoigusa, na mimi ndiye niliyemruhusu, tena nilikuwa najisifu naye.

Sasa Mama, mwezi wa tano hao wanawake walicheza na sisi maveterani wa sokoni, ilikuwa bonanza tu, tukafungwa nne bila, na goli la tatu alifunga mke wangu baada ya kunipita mimi mwenyewe kama anapita mlango ulioachwa wazi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilivumilia, nikasema hawa ni wazuri, kijiweni nikawa natamba kwamba hakuna wa kuwafunga. Baadaye wakacheza na vijana wa sekondari moja ya huko Kasekese, vijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, wengine hata ndevu hazijaota, na Mama, wakafungwa sita bila! Hiyo ni hesabu gani? Sisi wanaume wazima tumefungwa na wanawake, halafu wanawake haohao wanafungwa na watoto. Rafiki yangu Danford aliniinamia palepale uwanjani akasema, "Kaka, hii mechi imeuzwa, nyie hamuoni?" Nilikuwa bado nabisha, lakini nilipogeuka nikamwona Joséline amesimama na kocha wa wale vijana, wanaongea na kucheka. Mtu aliyefungwa sita anacheka nini?

Huyo kocha ni Onesphore, amekulia na mke wangu huko Mishamo, wazazi wao walikuja kutoka Burundi wakapewa mashamba jirani, na nilishasikia kwamba kabla yangu alituma wazee nyumbani kwao wakarudi bila jibu. Wakikutana wanaongea Kirundi, na mimi Kirundi changu ni salamu tu, baada ya hapo wananiacha. Njiani nilimuuliza Joséline, "Mlikuwa mnacheka nini?" Akasema, "Ametuambia tunakimbia kama tumebeba ndoo za maji." Nikasema moyoni, hilo ndilo la kucheka? Tangu siku hiyo nachunguza kila kitu, akienda mazoezini natazama atarudi saa ngapi, simu yake ikiita natega sikio, akiimba jikoni najiuliza ana furaha ya nini.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Kocha wa akina Joséline, mama mmoja mtu mzima, alikuwa anachagua wachezaji wa kwenda Sumbawanga kwenye mashindano ya kanda, na niliposikia kwamba vijana wa Onesphore nao wanaenda, tena kwa basi hilohilo, uvumilivu ulinishinda. Nilimpigia simu yule kocha nikamwambia Joséline ni mjamzito, ila anaona haya kusema, ampumzishe kimyakimya. Kocha alinipongeza! Wachezaji walipotajwa, Joséline hakuwemo, akaambiwa tu, "Pumzika mwanangu, zamu yako itakuja." Alirudi nyumbani akakaa uani na njumu zake mkononi. Sasa anaamini Scolastica, rafiki yake wa timu, ndiye aliyemchongea, maana ndiye aliyechukua namba yake, na hawasalimiani tena. Juzi aliniuliza, "Baba Heri, hawa watu nimewakosea nini?" Nikamjibu, "Watu ndivyo walivyo." Mama, nilijisikia vibaya sana. Lakini nikisema ukweli ndoa itabaki? Na kama kweli waliuza mechi, si nilikuwa na haki? Basi linaondoka mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Yotham, Kashaulili

MAMA JOSEFINA ANAJIBU

Marahaba, Yotham. Barua yako nimeisoma, nikavaa miwani nikaisoma tena, maana sikuamini kwamba mtu mwenye watoto wawili anaweza kumzushia mkewe mimba kwa sababu ya mechi ya kirafiki.

Tuanze na hesabu yako, kwa sababu ndiyo iliyokupoteza. Wanawake wamewafunga wanaume, watoto wamewafunga wanawake, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Kwani "mwanamume" ni daraja la mpira? Chukua wanaume bora na wanawake bora, wote wamefundishwa sawasawa, wanaume watakuwa na mbio zaidi na mashuti mazito zaidi. Hilo halina ubishi, ndiyo maana mashindano yao yametenganishwa. Na nguvu hiyo haisubiri ndevu. Kijana wa miaka kumi na saba anayefanya mazoezi kila jioni ana miguu na pumzi za kumwacha mwanamke mzima, hata kama ndiye bora wa mkoa wenu.

Lakini wewe baba, katika hesabu hiyo uliingiaje? Wewe unauza spea. Nyie maveterani mnakutana Jumapili kutoa jasho, na naapa nusu yenu mnawaza supu kabla ya mapumziko. Mwanamke aliyefundishwa atamfunga mwanamume asiyefundishwa, na atamfunga tena wakirudiana. Joséline hakuwashinda wanaume wote wa dunia hii, aliwashinda nyie. Hao vijana wa Kasekese nao, wapeleke wakacheze na wanaume wa ligi, watarudi wamefungwa magoli ya kutosha, na hakuna atakayesema wameuza mechi. Ungetaka kupima vizuri, ungewaita wakacheze na nyie maveterani. Nakuomba usijaribu, una familia.

Pengine unajiuliza kwa nini walikubali kucheza na wavulana. Nikuambie nini? Timu ambayo haina mpinzani nyumbani inatafuta wa kuisumbua, na timu nyingi za wanawake hufanya hivyo kwa makusudi. Mtu anayetoka kupata alichokifuata anaweza kucheka hata akifungwa sita. Ulimuuliza walicheka nini, akakueleza, ukalikataa jibu kwa sababu halikuwa baya vya kutosha. Utani wa ndoo za maji ni wa watu waliochota maji pamoja utotoni. Kama Kirundi kinakunyima usingizi, mwambie mkeo akufundishe, ndoa yenu si ya jana.

Na mimi nina shaka zangu, Yotham, na zote ni juu yako. Kwenye barua yako Onesphore amekuja baadaye sana. Waliotangulia ni watu waliocheka mpaka wakakaa chini. Nahisi kilichokuuma ni hiyo nne bila. Ulikuwa umeshajitibu kwa kujiambia kwamba wanawake hawa hawafungiki, basi kufungwa nao si aibu. Vijana walipowafunga dawa yako ikaisha nguvu, na ukaona ni nafuu mkeo awe msaliti kuliko wewe kuwa mchezaji mbovu. Danford alikuletea neno ulilokuwa unalitafuta.

Siwezi kukuapia kwamba mkeo ni malaika, simjui. Ila huna ushahidi wowote, una kicheko kimoja tu. Na hata ungekuwa nao, mtu anayemshuku mkewe anakaa naye chini anamuuliza. Hampigii kocha wake simu kisirisiri. Umemnyima pale mahali pekee ambapo angepimwa kwa haki, wanawake wa mkoa wake na wanawake wa mikoa mingine. Kwa maveterani hakupimwa, kwa wavulana hakupimwa. Alikuwa anakwenda kupimwa Sumbawanga, na wewe umefunga mlango ukakaa nyuma yake kumpa pole. Hapo nimekasirika kweli.

Sasa sikiliza. Leo hiihii, kabla hujala, mwambie Joséline ulichofanya. Mwambie chote, na usianze na "nilifanya kwa sababu nakupenda", maana atakurushia sufuria na mimi nitakuwa upande wa sufuria. Atalia, atakutukana, pengine atakwenda kwao Mishamo siku kadhaa. Mwache aende. Hujui kama ndoa itabaki, na mimi sijui, lakini ninajua kwamba ya sasa inasimama juu ya uongo ambao mimi na wewe tayari tunaujua. Ukitoka hapo nenda kwa kocha kwa miguu yako, simu usiiguse, umweleze uso kwa uso kwamba mimba hakuna na ulidanganya. Namba ya Joséline sasa ni ya kocha kuamua, wewe usiombe chochote. Kisha pita kwa Scolastica umwondolee lawama ambayo ni yako. Ukidhani utajificha, gazeti hili linafika Mpanda. Majina umebadilisha, ila ile nne bila umeiacha vilevile, na soko zima linaijua.

Tena usisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu mwisho wa mwezi ni wa basi tu. Kocha aliyekupongeza atakuwa ameshamnong'oneza mtu mmoja kwa nia njema, na huyo naye ana shoga yake. Miezi itapita, wanawake watatazama tumbo la mkeo kisimani, sokoni na kanisani, wataona liko vilevile. Hakuna hata mmoja atakayesema Yotham alidanganya. Watasema Joséline ametoa mimba.