Unga wa Matanga Yako Uliungua

Mwanangu Maganga,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi. Yangu ni hii: kifua bado kinabana, jiko ni lile lile la uani hapa Ngokolo, na watu wanaendelea kuniita Mama Maganga kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakiniita naumia, na wakiacha nitaumia zaidi.

Nakuandikia habari za pombe ya matanga yako, maana katika nyumba hii wewe ndiye ungezielewa.

Unakumbuka ulivyoanza kukaanga? Moshi ulikuwa umenishinda, nakohoa mpaka machozi, ukaninyang'anya beleshi ukasema, "Kaa pembeni, mama, utatukoholea kwenye unga." Mtoto wa kiume anakaanga unga wa pombe ya komoni! Mama Neema wa nyumba ya pili akaja na mdomo wake, akasema nikutafutie na kanga kabisa. Ukacheka naye huku unageuza. Ule unga uliovundikwa ukakauka, ukaacha weupe, ukawa wa kahawia kama ulivyoupenda, na harufu ikatoka hadi barabarani. Wateja wakajua komoni iko njiani.

Sheria nilikupa moja tu: karai haliachwi. Unga hugeuzwa bila kupumzika. Ukigeuza shingo tu, wa chini umeungua, na uchungu wake unaenea pipa zima, huwezi kuutoa. Siku moja wenzako walikuja kukuita mpirani, wakaita mpaka wakachoka. Hukuitika hata mara moja. Ulipomaliza kupakua ndipo ulipotoka mbio, na nilipokuuliza jioni kama hukuwasikia, ulinijibu, "Si ulisema karai haliachwi?" Nilijivuna siku ile, ingawa sikukuonyesha.

Kisha ukataka kwenda Masumbwe kuchimba dhahabu. Nilikukatalia, unajua. Ukanibembeleza: "Mama, nikipata kidogo tu nakuletea jiko la gesi, uachane na huu moshi." Nikakucheka, nikakuuliza ni gesi gani hiyo ya kulitosha karai langu. Ukaenda na kicheko changu. Mvua zilipokolea, duara, lile shimo lenu la kuchimbia, likatitia mkiwa chini. Wenzako wawili walitolewa, wakazikwa kwao. Wewe walikutafuta mpaka kifusi kikaanza kuwaangukia wanaotafuta, wakasimamisha. Baba yako mdogo alikaa pale mdomoni mwa shimo hadi wote walipoondoka. Alirudi na begi lako na vile viatu vya kanisani. Hakurudi na wewe.

Mtu ambaye hukumwona akiwekwa chini, unaaminije kwamba hayupo? Tangu hapo kila hodi naikimbilia. Wapo waliosema nimerukwa na akili, na sikuwabishia.

Ukoo ukakaa, ukasema matanga yaanuliwe. Kila nyumba ikaleta unga wa mahindi yake, maana kwetu unga wa matanga haununuliwi, huchangwa na ndugu, na kwa mtu mmoja huchangwa mara moja tu. Wakaniwekea mbele yangu nikaange. Nilielewa wanachotaka. Nikikaanga, nimekubali. Nikasusa, nikawaambia wakakaange wenyewe. Baba yako mdogo akachuchumaa karibu yangu, akasema taratibu, "Shemeji, huyu mtoto tumwache apumzike. Na wewe upumzike." Ile sauti yake ndiyo iliyonivunja. Nikawasha moto.

Niligeuza vizuri, Maganga. Unga ulishaanza kunukia, umefika nusu ya rangi yako, nikasikia hodi mlangoni. Sauti ya kijana, nzito, yenye vumbi, kama yako ulipokuwa ukishuka kwenye lori, ukitoka vibarua Isaka. Nilitupa beleshi. Nilikimbia hadi kanga ikabaki njiani. Alikuwa kijana anauliza nyumba ya fundi cherehani. Nilimkodolea macho mpaka akaogopa, akaniamkia mara ya pili, "Shikamoo, mama." Nikamwonyesha nyumba kwa kidole.

Niliporudi uani, moshi ulikuwa mweusi.

Unga mwingine haukuwapo, na wa dukani usingekuwa wako. Nikatia kimea, nikaupika hivyo hivyo. Siku yenyewe, unajua desturi, aliyepika ndiye huonja kwanza mbele za watu. Nikaonja. Ilikuwa chungu, mwanangu, chungu kuliko mwarobaini. Nikameza, nikampa baba yako mdogo kata. Akanywa, akaniangalia.

"Wabeja, shemeji," akashukuru. "Imeiva."

Akampa wa pembeni yake. Wakanywa wote, kata kwa kata, hata Mama Neema ambaye chumvi ikizidi kidogo tu mtaa mzima husikia. Hakuna aliyekunja uso. Pipa likaisha. Nililia pale pale, nao wakaniacha nilie.

Sasa nimerudi kupika ya kuuza, maana tumbo halijui matanga. Nakaanga mwenyewe na kukohoa mwenyewe. Moyo bado unaruka kila mtu anapobisha. Nimeshika ukingo wa karai mpaka vidole vimebabuka, ili nisiende. Naogopa siku nitakayozoea kuliko ninavyouogopa huu uchungu.

Kama umelala huko chini, baba'ngu, lala pema. Mama yako hana kaburi la kupalilia, ila anakukumbuka kila unga unapobadilika rangi.

Na kama ni wao waliokosea, na siku moja ukaja, usisimame nje kupiga hodi kama mgeni. Mlango wa uani siufungi. Pita moja kwa moja hadi jikoni. Utanikuta nimekupa mgongo, na sitageuka. Wewe chukua tu beleshi mkononi mwangu.

Ni mimi mama yako, ninayeitwa bado kwa jina lako,

Mama Maganga