Pampu ya Wafula

Jumatatu, 3 Machi

Chini ya boneti tena tangu saa moja. Ncha ya bisibisi kwenye nozeli ya petroli, mpini sikioni. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu inakohoa. Ya nne sawa. Injini inamisi, inaruka mapigo, na moshi ni mweusi kama wa jiko la kuni. Jirani ameanua shuka zake. Nina aibu, lakini si nyingi.

Pijo hii haina kabureta. Ina pampu ya alumini inayozungushwa na mkanda wa injini, na hiyo ndiyo inayoipimia kila silinda petroli yake, kama mama anayewagawia watoto wanne sukari ili asipunjwe mtu. Wafula aliitunza miaka thelathini na moja. Hakuna fundi aliyeigusa. Alipougua, alikaa kitini hapa uani, mimi nikashika spana, yeye akaelekeza. Miezi mitano tulifanya hivyo. Kisha akafa.

Pampu ikifanya kazi vizuri, nausikia mkono wake. Ikifa hii, nitakuwa mjane kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua chujio. Maji. Na kutu laini, rangi ya chai.

Najua yametoka wapi. Mwezi uliopita niliishiwa petroli karibu na njia panda ya Kikorongo, nikanunua ya jerikeni kando ya barabara. Wafula aliniambia mara mia: ya jerikeni, kamwe. Gari la kabureta litapiga chafya kisha liendelee. Pampu hii haisamehe. Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi ndiye mwenye sikio hilo, na nilifundisha shule miaka ishirini na sita.

Nozeli ya tatu nimeiosha mara tatu. Bado inadondosha.

Alhamisi, 6 Machi

Haiwaki kabisa. Betri nzima, plagi safi, mkanda sawa. Ni pampu.

Shemeji Barasa amepita akitoka zamu kiwandani, saruji bado kwenye kope. Mdogo wake Wafula huyo. Anataka niweke kabureta kama watu wote. Hata mwalimu mmoja wa Maliba, anasema, alikuwa na Pijo ya pampu, akaweka kabureta, sasa anabeba kahawa hadi Fort Portal bila shida. Nikamwambia labda nikiwa kaburini. Akacheka. Akanywa chai yangu yote akaenda.

Baadaye nimelia. Hasira zaidi kuliko huzuni.

Ijumaa, 7 Machi

Lori la rafiki yake Barasa limeivuta Pijo hadi Bwera kwa kamba. Mimi kwenye usukani, vumbi la lori lote mdomoni. Fundi anaitwa Masereka. Mtu mpole, kucha nyeusi. Alijifunza kazi kwa mzee mmoja wa Beni, upande wa Kongo, na anasema pampu hizi amewahi kuziona. Kuziona. Ilinipasa kuuliza zaidi.

Sikuuliza. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa watu na mbuzi, dereva wa lori anapiga honi, jua linachoma, sijala tangu asubuhi. Daftari lenye maelezo ya Wafula lilikuwa mkobani. Sikulitoa. Nilisema, "Fanya iwake tu, nimechoka."

Nimerudi Kasese kwa bodaboda. Kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Machi

Masereka amepiga simu. "Mama, gari iko muzuri. Inawaka mara moja." Nyuma yake niliisikia injini. Mtandao mbaya, lakini niliisikia.

Nimeimba jikoni peke yangu, mtu mzima mimi. Nimemwambia Wafula asante kwa sauti. Kesho naifuata.

Jumatano, 12 Machi

Niandike upesi, niyamalize.

Gari lilikuwa limeoshwa. Hata magurudumu. Masereka akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Nikafungua boneti. Kabureta. Ya pikapu ya Toyota, imekaa juu ya bamba la chuma alilolikata mwenyewe. Kazi safi, lazima niseme. Mahali pa pampu pana tundu, limezibwa.

Nikauliza pampu iko wapi. Akafurahi nimeuliza. "Ile ilikuwa imekufa, Mama. Batu ba sufuria balibeba jana."

Nilimtukana kwa Kibukusu ili asielewe. Alielewa. Akasimama pale na tambara lake, akaniambia, "Lakini ulisema iwake." Ndivyo nilivyosema. Nikamwomba radhi.

Nikaenda hadi Lubiriha kwa miguu, kwa hao watu wa sufuria, wanaoyeyusha alumini. Wazee wawili na tanuru la mkaa. Huko hupelekwa pistoni, vifuniko vya gia, kila kilichokufa mpakani. Mmoja alikumbuka: chuma kizito, kina mirija minne. Waliivunja, wakayeyusha asubuhi. Akanionyesha sufuria kumi na moja kwenye mchanga, zote sawa, bado zina joto. Akasema nichague moja nimpe chochote. Nikakataa. Ningechagua ipi?

Nimeendesha hadi nyumbani. Haikukohoa hata mara moja. Mbugani, pale kwenye mlima mdogo ambapo nilizoea kukanyaga taratibu, ilipanda kama pikapu yoyote. Nilimsikiliza Wafula njia nzima. Hakuna mtu.

Mimi ndiye niliyemtoa. Si petroli, si Masereka. Maneno yangu manne.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani kwa gari. Liliwaka mara moja. Mchungaji amemshukuru Mungu mbele ya watu kwa gari la mama yetu lililofufuka. Nikaitikia amina pamoja na wengine.

Baada ya ibada Barasa alikuja, anazungukazunguka kama mtu anayetafuta kiti. Ana mgonjwa kijijini Hamukungu, anaomba gari kesho. Tangu liingie uani kwetu, halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine zaidi ya Wafula na mimi.

Nimempa ufunguo. Akauliza kuna jambo gani la kuangalia, la kukanyaga taratibu au la kusikiliza.

Nimemwambia hakuna.