Trei Mbili za Mayai

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mpwa wangu hajambo? Mimi ni mzima kama chuma, ila jino la nyuma linanisumbua, linanikumbusha kwamba nina mdomo, kana kwamba watu hawanikumbushi vya kutosha.

Haya, kaa chini. Umekaa? Mdogo wako, yule aliyeishia kidato cha pili, ambaye mwalimu wa hesabu aliapa hatafika popote, amefika. Nimejifungulia ukurasa wangu mwenyewe mtandaoni, nikauita “Kidomo na Kazi Zake”, na humo nimepanga kila kazi niliyofanya tangu nianze kujiajiri. Kumi na nne, dada! Tovuti ya kinyozi ipo. Ile filamu fupi ya fundi viatu ipo, kiatu kinajifunga kamba chenyewe. Picha zinazocheza za chuo cha udereva zipo. Hata ile ya kwanza kabisa, ya muuza mayai, ambayo ukiifungua jogoo anawika, hiyo nayo ipo. Cheka tu. Mzee kaacha biashara siku nyingi, lakini ukurasa unawika mpaka leo, na mtu akiagiza mayai oda inakuja kwangu. Miaka mitatu haina kosa hata moja. Mzee alikuwa akilalamika tu kwamba wateja wake wote wanaagiza trei moja moja, nikamwambia mzee, wateja wako wabahili, mimi nifanyeje?

Ya juu kabisa lakini ni yenu, ya karakana ya mapazia. Ile ambayo mtu akigusa kitambaa, sauti yako inakitaja: “Hariri. Pamba. Kitani.” Usianze kunifokea! Uso wako haumo, jina lako halimo, jina la karakana nimelikata na namba ya simu pia. Masharti yako nimeyashika yote.

Na tayari nimenasa mteja, mkubwa, mwenye hoteli. Ameniandikia mara nne. Ananiita “bingwa wangu”. Anasema kazi zote ni nzuri ila ile ya vitambaa ameisikiliza mara ishirini, anataka ya hoteli yake iwe hivyo hivyo, na angependa ajionee karakana yenyewe. Kituko chake kimoja: kila ujumbe anamalizia na “Tumeelewana?” kama mwalimu wa nidhamu. Nimecheka mpaka jino likatulia.

Barua nampa dereva wa basi la asubuhi kama kawaida. Mbusu mpwa wangu, mwambie mjomba ni tajiri mtarajiwa.

Mdogo wako,
Kidomo


6 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Jino kaling'oe.

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikafunga mlango nikaisoma tena. Naomba unijibu bila mzaha, hata kama mzaha ndio damu yako.

Nani duniani anakuita Kidomo? Watu wa nyumbani tu. Mimi, marehemu mama, na mtu mmoja aliyenioa. Ukaenda ukaliandika jina hilo juu ya ukurasa ambao dunia nzima inausoma. Mtu anayetaka kunipata hana haja ya kunitafuta mimi. Anakutafuta wewe, halafu anakaa, anasikiliza.

Na hilo neno, “Tumeelewana?” Wewe hukuwahi kulisikia. Ulipokuja kututembelea alikuwa shemeji mchangamfu, anakumiminia chai. Alikuwa akilisema mlango ukishafungwa.

Usinipigie simu. Unajua mara ya mwisho alinipata kupitia simu yako. Niandikie tu, leo hii, unijibu moja: ulimwambia karakana iko wapi?

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Naandika hayo kwa kuwa ndivyo barua inavyoanza, lakini safari hii nayamaanisha neno kwa neno.

Nilimwambia.

Nimeliandika juu ili nisipate nafasi ya kulizungushia maneno. Nilimwambia mji. Nilimwambia nyuma ya kinu cha unga, mlango wa buluu. Aliniuliza akija atamkuta nani, nikajitia mjuaji, nikasema siku nzuri ni Alhamisi, kwa sababu mwenye karakana huenda kuchukua vitambaa na anayebaki peke yake ndiye mwenye ile sauti. Nilitaka aone kwamba sauti ni ya mtu kweli, sikuitoa kwenye kompyuta. Nilikuwa najisifu, dada. Sina kisingizio kingine.

Ukurasa nimeufuta. Kazi zote kumi na nne. Nilipomaliza akaniandikia ndani ya nusu saa: “Umeficha kazi zako, bingwa wangu? Si vizuri. Tumeelewana?” Nusu saa! Maana yake alikuwa ameufungua, anautazama. Sikumjibu. Nimeketi nimeegemeza kiti mlangoni na simu nimeifunika kwa sufuria, kana kwamba sufuria inasaidia.

Leo ni Jumatatu. Alhamisi imebaki siku tatu. Ondoka. Usingoje kunijibu.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta nafunga mizigo. Hakungoja Alhamisi.

Alikuja jana, saa nne asubuhi. Kwa bahati mama mwenye karakana alikuwepo. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na mtoto, tunapanga vifungo kwa rangi, nikasikia kengele ya mlangoni, halafu sauti ikisalimia kwa adabu. Nikamchukua mtoto nikaingia naye ndani ya lile pazia kubwa la kitani linaloning'inia kwa ajili ya maonyesho. Nikamwambia tunacheza kujificha. Akaniuliza kwa kunong'ona, “Nani anatutafuta?” Nikamziba mdomo.

Pazia halifiki chini, unajua, ila tulikuwa tumepanda juu ya marobota ya vitambaa. Niliona viatu vyake. Anavipaka rangi vilevile. Akapita taratibu kwenye vitambaa vyote, anagusa kimoja kimoja, na kila anachogusa anakitaja. “Hariri.” Hatua. “Pamba.” Hatua. Akafika kwetu. Kitambaa kikasogea, vidole vyake vikiwa upande ule na paji langu la uso upande huu. Akasema, “Kitani.”

Mama akaita kutoka mezani, “Kaka, hicho usikipapase, kina oda ya mtu.” Naye akamuuliza sauti ya mtandaoni ni ya nani. Mama akacheka, akasema, “Hiyo? Kompyuta hiyo. Siku hizi zinajisemea zenyewe, kijana aliyetutengenezea ni mwongo mkubwa.” Yaani sifa zako zilikaribia kuniua, na sifa yako mbaya ndiyo iliyoniokoa. Naye akasema sawa, atarudi Alhamisi.

Tunaondoka kesho alfajiri. Sitakuambia tunakokwenda. Usiniandikie hapa, usimpigie mama wa karakana, usiende popote kuuliza. Nisikilize: ule ukurasa wa jogoo wa muuza mayai una anwani yake peke yake, bado uko hewani, na hakuna mwenye akili anayeufungua. Nikifika salama nitaagiza mayai. Trei mbili maana yake ni mimi na mtoto, tumefika wote. Nikiagiza moja, utajua mwenyewe.

Usilie. Ukilia pua yako inatisha watoto.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Hii sina pa kuituma. Naiandika kwa sababu nisipoandika nitaongea, na nikiongea nitasikika.

Siku nane. Kila asubuhi naufungua ule ukurasa, jogoo anawika, hakuna kitu. Majirani wameanza kuuliza nafuga wapi kuku humu ndani. Juzi shemeji alipita barabara ya chini, akasimama mbele ya duka la kinyozi, akatazama juu dirishani kwangu akiwa ametabasamu. Hakupanda. Kinyozi akatoka na wembe wake akajifanya anaukung'uta, wakatazamana, shemeji akaenda zake. Nikajiambia: ikiwa bado ananitazama mimi, basi hajakupata. Halafu nikajiambia: au amekwisha kukupata na amekuja kuniaga.

Leo saa tano imeingia oda.

Jina la mteja: Mteja. Idadi ya trei: 1.

Moja, dada.

Nilifikiri ni wewe uliyefika na mtoto hayupo. Halafu nikafikiri ni mtoto aliyefika na wewe hupo, lakini ana miaka mitano, ataagizaje mayai? Nikaenda kunawa uso. Nikasimama kwenye sinki, na nikiwa pale nikamkumbuka muuza mayai. “Wateja wangu wote wanaagiza moja moja,” alikuwa akilalamika. Wote. Miaka mitatu. Hotelini wanaagiza moja. Mwoka keki anaagiza moja.

Nikaufungua ukurasa nikaagiza trei tano. Ikaja 1. Nikaagiza trei arobaini. Ikaja 1.

Nimeingia ndani ya kazi yangu mwenyewe, ile isiyo na kosa hata moja. Nilipokuwa najifunza niliandika idadi iwe moja, nijaribu tu kama fomu inafika, nikasema nitafuta baadaye. Sikufuta. Mzee wa watu alifunga biashara akiamini wateja wake ni wabahili.

Kwa hiyo sijui. Labda uliandika mbili. Labda uliandika moja. Kazi yangu imeitafuna namba na mimi ndiye niliyeipa meno. Kosa nimelirekebisha, ilichukua dakika moja, mstari mmoja. Nimejaribu mara sita, mbili inakuja mbili.

Lakini wewe umeshaagiza. Kwa nini urudi?


22 Machi

Bado. Jino wamening'oa, sikusikia chochote. Daktari akasema una ujasiri. Sikumwambia hata kazi ninayofanya, dada, fikiria, nimekaa kwenye kiti saa nzima sijajisifu.

Shemeji ameniandikia tena. Neno moja tu, lile lake. Nimelisoma nikaona hajui kitu, angekuwa anajua asingeuliza. Ndivyo ninavyojiambia. Kiti bado kiko mlangoni.

Kama ulikuwa na dakika chache tu kwenye kompyuta ya watu, labda hukuona kwamba ule ukurasa, ukishaagiza, unakushukuru na kukutajia idadi. “Asante, umeagiza trei 1.” Naomba uwe uliona. Naomba uwe uliona, ukakasirika.

Mdogo wako


24 Machi, saa tatu na dakika saba asubuhi

ODA MPYA

Jina la mteja: NILISEMA MBILI WEWE MJINGA
Idadi ya trei: 2